Kutoka Njia Panda hadi Mji: Makazi ya Kilosa na Mikumi Yalivyozaliwa na Yanavyokua

Mikumi ni mji wa njia panda. Barabara ya mashariki hupita katikati ya hifadhi kuelekea Morogoro na Dar es Salaam. Ya magharibi hupanda milima kuelekea Iringa na Mbeya. Ya kusini hushuka Kidatu na Ifakara, na ya kaskazini huenda Kilosa, makao makuu ya wilaya yetu. Zinapokutana njia hizo ndipo ulipokua mji huu, na pembezoni mwake, palipokuwa na mashamba ya mahindi miaka si mingi iliyopita, leo pana nyumba za matofali, vibanda vya biashara na vijia vyembamba vinavyopinda kufuata mipaka ya mashamba ya zamani.

Makala haya yanaeleza namna makazi ya aina hii yanavyozaliwa katika wilaya yetu na namna yanavyokua. Lengo si kusimulia historia kwa ajili ya historia. Historia hii inatufundisha jambo moja linalomgusa kila mkazi: makazi yetu mengi yaliletwa na njia, lakini yaliyodumu kwa salama ni yale ambayo watu wake walijua mapema nani atakaa wapi, barabara itapita wapi na maji ya mvua yatapita wapi.

Kabla ya mji kulikuwa na njia

Kabla ya reli na lami, bonde la mto Mkondoa lilikuwa njia ya misafara iliyotoka pwani kuelekea Unyamwezi na Maziwa Makuu. Msafiri Henry Morton Stanley alipita katika bonde hilo mwaka 1871 akiwa njiani kumtafuta David Livingstone. Misafara ilihitaji maji, chakula na mahali pa kulala, na bonde lilikuwa na vyote vitatu. Wasagara, wenyeji wa milima na mabonde haya, waliwauzia wasafiri nafaka. Baadhi ya wapita njia walibaki, wakajenga na kulima.

Usagara pia ni miongoni mwa nchi ambazo mwishoni mwa mwaka 1884 Mjerumani Carl Peters alizunguka akiwatia saini watawala wa mahali katika mikataba iliyotumika baadaye kama msingi wa madai ya Ujerumani juu ya Tanganyika. Ni fundisho la mapema, tena chungu, kuhusu ardhi: hati ambayo wenye ardhi hawakuelewa maana yake iliweza kubadili hatima ya nchi nzima.

Baada ya misafara ikaja reli. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Morogoro mwaka 1907, ukapita Kilosa na kufika Dodoma mwaka 1910. Kigoma ulifika mwaka 1914. Reli iliyapa makazi sura mpya. Mahali pa stesheni palihitaji wafanyakazi, wafanyakazi walihitaji maduka, na maduka yalivuta wakulima kutoka vijiji vya mbali. Kandokando ya reli, katika maeneo kama Kimamba, yakaenea mashamba makubwa ya mkonge, yaliyoleta vibarua kutoka pande nyingi za nchi. Ndiyo maana hadi leo, katika kata nyingi za Kilosa, mkutano mmoja wa kijiji huweza kuwakutanisha watu ambao babu zao walitoka mikoa tofauti kabisa.

Makazi ya vibarua yalikuwa na kasoro moja kubwa. Ardhi ilikuwa ya shamba, nyumba zilikuwa za shamba, na kazi ilikuwa ya shamba. Bei ya mkonge iliposhuka katika soko la dunia na kazi kupungua, maelfu ya watu walijikuta wanaishi mahali wasipokuwa na haki ya kupalima. Migogoro kadhaa ya ardhi inayoisumbua wilaya yetu ina mizizi yake katika hali hiyo.

Mikumi yapata sababu ya kukua

Jina Mikumi limetokana na miti ya jamii ya mitende iitwayo mikumi, inayoota katika ukanda huu. Mahali hapa palikuwa na wakazi kabla ya barabara kubwa, lakini sababu za kukua kwake zilikuja kwa kufuatana katika kipindi kifupi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 tawi la reli kutoka Kilosa lilifika Mikumi, kisha likaendelezwa hadi Kidatu, kwenye bonde la mashamba ya miwa. Mwaka 1964 ilitangazwa Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, ambayo leo ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,230. Mwaka uliofuata, tarehe 11 Novemba 1965, walowezi wa Rhodesia, ambayo sasa ni Zimbabwe, walijitangazia uhuru wao wenyewe bila ridhaa ya Waafrika walio wengi. Zambia, iliyotegemea njia za kusini kupitisha shaba na mafuta yake, ililazimika kugeukia bandari ya Dar es Salaam. Malori ya Zambia yakaanza kupita Mikumi kwa wingi, wakati huo barabara ikiwa bado ya vumbi na matope. Lami ya barabara hiyo kuu ilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Dereva aliyevuka hifadhi akitoka Morogoro, au aliyeshuka milima akitoka Iringa, alihitaji mahali pa kupumzika. Mama lishe akaweka meza, fundi wa magari akaweka karakana, na mwenye nyumba akajenga vyumba vya wageni. Baadaye zikaja huduma kubwa zaidi. Leo Mikumi ina hospitali ya Mtakatifu Kizito na chuo cha ufundi stadi cha VETA, na vijana na wagonjwa hutoka kata za jirani kuzifuata. Mji uliozaliwa kwa kuhudumia wapita njia umegeuka kuwa mji unaowahudumia pia wenyeji.

Hata hivyo, Mikumi ina mpaka usioweza kusogea. Upande mmoja ni hifadhi, ambako sheria hairuhusu kilimo wala makazi, na ambako tembo hawatambui bikoni. Pande nyingine zina milima, mabonde ya mito na mashamba ya vijiji jirani. Kwa hiyo kila kaya mpya inayohamia Mikumi huongeza mahitaji ya ardhi ambayo haiongezeki. Katika sensa ya mwaka 2012 wilaya yetu ilikuwa na watu 438,175; katika sensa ya mwaka 2022 idadi hiyo ilifika takriban 617,000. Sehemu kubwa ya ongezeko la namna hii huangukia pembezoni mwa miji midogo na kandokando ya barabara kuu: Mikumi, Ruaha, Dumila na viunga vya mji wa Kilosa wenyewe.

Kijiji kuwa chombo cha sheria

Kwa muda mrefu neno "kijiji" lilimaanisha tu mahali wanapokaa watu pamoja. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na hasa baada ya agizo la mwaka 1973 kwamba wananchi wote wa vijijini wahamie katika vijiji ifikapo mwisho wa mwaka 1976, kijiji kilianza kupewa maana ya kiserikali. Sheria ya mwaka 1975 iliweka utaratibu wa kuandikisha vijiji. Kisha Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Namba 7 ya mwaka 1982, ikaweka mfumo tunaoutumia hadi sasa: Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao ni wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, na Halmashauri ya Kijiji yenye wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25.

Wakati wa Operesheni Vijiji watu wengi walihamishwa kwa haraka. Faida zilionekana, kwa kuwa shule, zahanati na visima viliweza kuwafikia watu waliokaa pamoja. Hasara nazo zilionekana: baadhi ya vijiji viliwekwa mahali bila kuchunguza vizuri udongo, maji au mipaka, na mashamba ya wengine yakagawiwa wageni bila maandishi. Wazee wa vijiji vingi bado wanakumbuka ahadi za maneno zilizofanywa miaka hiyo, na wajukuu wao ndio wanaogombana sasa kuhusu maana ya ahadi hizo.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, ilitungwa ili kuondoa utata wa aina hiyo. Inaigawa ardhi ya kijiji katika mafungu matatu: ardhi ya matumizi ya pamoja, kama vile malisho, misitu na vyanzo vya maji, ardhi inayotumiwa na mtu mmoja mmoja au familia, na ardhi ya akiba, itakayogawiwa siku zijazo. Halmashauri ya Kijiji husimamia ardhi hiyo kama mdhamini kwa niaba ya wanakijiji. Haina mamlaka ya kuigawa bila idhini ya awali ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Hili ni la kusisitizwa: mtu anayeuziwa kiwanja kwa muhuri wa kiongozi mmoja, pasipo mkutano wala muhtasari, amepewa karatasi yenye msingi dhaifu.

Umuhimu wa mipaka iliyo wazi wilaya yetu imeujua kwa gharama kubwa. Mwezi Desemba mwaka 2000, mgogoro baina ya wakulima na wafugaji huko Rudewa Mbuyuni uligharimu maisha ya watu zaidi ya 30. Mipaka peke yake haileti amani, lakini pasipo mipaka iliyokubaliwa na pande zote, kila msimu wa mvua na kila msimu wa kiangazi huja na hofu yake.

Mto una njia yake

Fundisho jingine limetolewa na maji. Mji wa Kilosa ulijengwa kando ya Mkondoa kwa sababu misafara, kisha reli, ilifuata bonde la mto huo. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 mto ulivunja kingo zake, ukaingia katika makazi na kuwafanya maelfu ya wakazi wahame na kuishi kambini. Reli ya Kati nayo ilikatika na safari zikasimama kwa miezi kadhaa. Miaka minne baadaye, Januari 2014, mafuriko mengine yalipiga eneo la Dumila na Magole, yakaharibu daraja na kukata barabara ya Morogoro na Dodoma.

Maji hayo hushuka kutoka milima ya juu, na sehemu yake hutoka nje ya wilaya yetu. Miti inapokatwa huko na miteremko kulimwa bila matuta, mchanga hushuka na kujaza mto. Mto uliojaa mchanga hukosa kina, nao hutafuta upana. Upana huo mara nyingi ndio uwanda ambao watu wamejenga, kwa kuwa ulikuwa tambarare, wenye rutuba na wa bei nafuu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mita hizo ni kiwango cha chini kabisa. Katika uwanda wa mafuriko, swali la kuuliza kabla ya kununua kiwanja si umbali peke yake, bali pia alama: maji yalifika wapi mwaka 2010? Jirani mzee atakuonyesha kwenye ukuta.

Ekari moja ya pembezoni

Tuangalie sasa namna kitongoji kipya kinavyozaliwa. Mara nyingi hakuna anayekianzisha kwa kusudi. Mwenye shamba la ekari moja karibu na mji anapata haja ya fedha, pengine ya ada ya shule au matibabu, anauza kipande. Mwaka unaofuata anauza kingine. Baada ya miaka mitano shamba limekwisha na mahali pake pana nyumba.

Ekari moja ina takriban mita za mraba 4,047. Ikikatwa viwanja kumi vya mita 20 kwa 20, viwanja hivyo humeza mita za mraba 4,000. Zinabaki 47 tu, zisizotosha hata njia ya kupitisha mkokoteni. Kama mwenye shamba angetenga barabara yenye upana wa mita sita kutoka upande mmoja wa ekari hadi mwingine, angetumia kama mita za mraba 380, yaani karibu kiwanja kimoja. Bei ya kiwanja hicho kimoja ndiyo tofauti kati ya mtaa unaofikiwa na gari la wagonjwa na mtaa ambao mama mjamzito hubebwa kwa machela hadi barabarani.

Hesabu hiyo hiyo inahusu huduma nyingine. Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, ulioanza kazi mwaka 2017, hauwezi kuchonga barabara mahali ambapo pameachwa kijia cha miguu, isipokuwa nyumba zibomolewe. Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, ulioanzishwa mwaka 2019, huhitaji njia ya bomba na kiwanja cha tangi mahali palipoinuka. Nguzo za umeme nazo huhitaji mstari. Zahanati na shule ya msingi huhitaji ekari kadhaa pamoja, na ekari hizo haziwezi kupatikana baada ya kila kipande kuuzwa. Wananchi wanapouliza kwa nini huduma zimechelewa kufika kwao, jibu mara nyingi lina sehemu mbili: fedha, ambayo ni kazi ya Serikali kuitafuta, na ardhi, ambayo ni kazi yetu sote kuitenga.

Kitongoji kinapotaka kuwa kijiji, kijiji kinapotaka kuwa mji

Kitongoji kikikua, wakazi huanza kudai hadhi mpya. Safari hiyo huanzia kwa wananchi wenyewe. Pendekezo hujadiliwa katika mkutano wa kitongoji na Mkutano Mkuu wa Kijiji, kisha hupita Kamati ya Maendeleo ya Kata, Baraza la Madiwani, na vikao vya ushauri vya wilaya na mkoa, kabla ya kufikishwa kwa waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa. Muhtasari na saini za mahudhurio huambatanishwa. Pendekezo lisilo na muhtasari wa kuaminika, au lenye mpaka unaopingwa na kijiji jirani, hukwama njiani.

Kupanda hadhi kuna faida na wajibu. Eneo likitangazwa kuwa la mji, mipango miji huanza kutumika, viwanja hupimwa, na vibali vya ujenzi huhitajika. Hati ya Hakimiliki ya Kimila, inayotolewa kwa ardhi ya kijiji na inayoweza kuandikwa kwa majina ya mume na mke, hupisha taratibu za hatimiliki ya mjini. Anayelima ndani ya mipaka mipya huenda akatakiwa kubadili matumizi ya ardhi yake. Ni vema mambo haya yakaelezwa mkutanini kabla ya kura, si baada yake.

Yaliyo mikononi mwetu

Njia mpya imeshafika. Mwezi Julai 2024 treni ya reli ya kisasa ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na Kilosa ni mojawapo ya stesheni zake. Kama ilivyokuwa wakati wa misafara, reli ya kwanza na lami, wageni watafuata njia. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini huwezi kumpa jembe kama hujui shamba lipo wapi.

Kwa hiyo, ndugu mkazi, kuna mambo matatu yanayoweza kufanyika katika kijiji chako bila kusubiri bajeti. Kwanza, hudhuria Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao kisheria hutakiwa kuitishwa angalau mara moja kila miezi mitatu, na uulize ardhi ya akiba iko wapi na imebaki kiasi gani. Pili, kabla ya kuuza au kununua kipande cha shamba, mwite mwenyekiti wa kitongoji na majirani wa pande zote, mwonyeshane mipaka, na muache njia yenye upana unaopitisha gari. Tatu, wazee waliobaki waonyeshe vijana alama za mafuriko na mipaka ya zamani, nayo yaandikwe katika kumbukumbu za kijiji wakati mashahidi wangali hai.

Misafara haikuwauliza wenyeji wa Mkondoa kama wanataka mji, na malori ya Zambia hayakuwauliza watu wa Mikumi. Safari hii tunaiona njia inavyokuja, na sheria imetupa kikao cha kuamulia. Ofisi ya Mtendaji wa Kijiji na ya Mtendaji wa Kata zipo wazi siku za kazi kwa yeyote anayetaka kuona ramani ya eneo lake, pale ambapo ramani ipo. Kama haipo, kuiomba iandaliwe ni agenda halali ya mkutano ujao.